Toba ya Gizani

Nyumba yangu iko Mkomaindo, si mbali na hospitali, na tangu nistaafu nimezoea kupokea wageni nisiowajua. Ni ndugu wa wagonjwa waliotoka Newala, Nanyumbu na vijiji vya bondeni kuelekea Ruvuma, watu wanaotafuta mahali pa kupikia uji na kivuli cha kukaa wakingoja saa ya kuona wagonjwa. Wakishazoea huzungumza. Kwa njia hii nimesikia magomvi mengi ya watu: mipaka ya mashamba ya mikorosho, mahari isiyokwisha kulipwa, ndugu wawili wasiosalimiana tangu matanga ya baba yao. Na mara nyingi husikia maneno yale yale, kwamba fulani ameletwa ili wasameheane na mgonjwa kabla hali haijawa mbaya zaidi. Mgonjwa amelala, hana nguvu hata ya kugeuka upande wa pili, na yule aliyemkosea amesimama miguuni pa kitanda akingoja aambiwe neno moja ili awahi gari la kurudi kwao.

Siwahukumu watu hao. Mimi mwenyewe nilifanya mambo mabaya kuliko hayo, na ndiyo sababu ya kuandika sura hii ambayo watoto wangu walinisihi niiache.

Kwa miaka mingi nilikuwa mzee wa kanisa, na zamu yangu ya kufundisha ilipofika nilipenda kuchagua mifano ya Yesu kuhusu toba na msamaha. Nilijulikana kwa mfano wa mtumwa asiyesamehe, ule wa Mathayo 18, kwa sababu niliufundisha kwa hesabu kama mwalimu. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Mtumwa yule alidaiwa na mfalme talanta 10,000, yaani ujira wa siku 60,000,000. Mtu akifanya kibarua siku 300 kwa mwaka, angehitaji miaka 200,000 kulimaliza deni hilo. Watu kanisani walicheka na kushangaa. Mwenzake alimdai dinari 100 tu, nikawaambia hiyo ni palizi ya shamba la mikorosho kwa msimu mmoja na kidogo. Aliyesamehewa miaka 200,000 akamkaba koo mwenzake kwa palizi moja! Hapo nilinyamaza kidogo, nikawatazama wale niliojua kuwa wana kesi kati yao, wakainamisha vichwa. Nikirudi nyumbani nilikuwa nimeridhika.

Sasa nisimulie habari yangu. Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi upande wa Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Ilikuwa miaka ya shida, sukari na sabuni vilipatikana kwa mgawo, na maji ya kule juu kila mtu anayajua: watoto walikuja shuleni na vidumu, na wengine walikuwa wameteremka gengeni kabla ya mapambazuko kuyatafuta. Shule ilikuwa na shamba lake la mikorosho kwa mujibu wa Elimu ya Kujitegemea. Mwezi Agosti tuliletewa fedha za korosho za msimu uliopita, shilingi 1,860, ambazo wakati ule zilizidi mshahara wangu wa mwezi. Niliziweka ofisini nikisubiri kuzipeleka benki. Baada ya siku mbili nikafungua kabati, fedha hazimo.

Ofisi yangu ilifagiliwa na kiranja mmoja wa darasa la saba. Alikuwa mtoto wa mama mjane, mwenye akili, mpole, na ndiye peke yake aliyekuwa akiingia ofisini nisipokuwapo. Hapakuwa na ushahidi mwingine zaidi ya huo. Nilimhoji, akakana. Nilimhoji tena mbele ya walimu, akakana na kulia, na mimi nikayachukua machozi yale kuwa ndiyo ungamo lake. Nilimwita mbele ya shule nzima, mstarini, saa nne asubuhi, nikamchapa kwa mkono wangu. Kisha nikamwambia asirudi mpaka mzazi wake alipe. Mtihani wa darasa la saba ulifanyika akiwa nyumbani. Mama yake aliweka rehani mikorosho sita aliyoachiwa na mumewe, akaniletea shilingi 600, akaahidi nyingine. Nilimwandikia stakabadhi.

Mwezi Machi mwaka uliofuata mchwa waliingia katika kabati. Tulitoa vitabu vyote nje kuvikung'uta, na ndani ya rejesta ya zamani ya mahudhurio nikakuta noti zangu zote, zimekunjwa kama nilivyozikunja. Nikakumbuka wakati uleule. Jioni moja ya Agosti nililetewa habari kwamba mtoto wangu ameshikwa na degedege. Niliokuwa nazo mkononi nilizichomeka katika kitabu kilichokuwa karibu, nikafunga kabati, nikakimbia. Mtoto alipona. Habari ya fedha ikafutika kichwani kabisa.

Nilikuwa peke yangu nilipozikuta, mwalimu mwenzangu alikuwa ameondoka kutafuta mafuta ya taa ya kuwapaka wale mchwa. Niliweza kwenda nyumbani kwa yule mama siku ileile, ni mwendo wa nusu saa. Sikwenda. Niliziandika zile shilingi 1,860 katika kitabu cha fedha, kwa mwandiko mzuri, "mapato mengineyo". Mkaguzi alipokuja alinisifu kwa utunzaji wa hesabu. Zile 600 za mjane sikuzirudisha, kwa maana nikizirudisha itanilazimu kueleza sababu. Nadhani hapo ndipo kosa lilipogeuka kuwa dhambi. Kumchapa mtoto kwa dhana ilikuwa haraka na kiburi cha ujana. Lakini kunyamaza niliamua nikiwa na akili zangu timamu, na niliamua upya kila siku kwa miaka thelathini.

Nilistaafu mwaka 2009. Ukistaafu kelele za shule hupungua na usiku hurefuka. Mwaka 2014 niliugua, nikadhani ninakufa, na nilipopata nafuu nikaamua kumtafuta. Alikuwa fundi mwashi katika kijiji kilekile. Nilifika jioni, giza likiwa limeanza kuingia, kwa makusudi ili watu wasinione. Nilikuwa na bahasha yenye fedha ndani.

"Shikamoo Mwalimu," alisema, akaniletea kiti.

Nilimweleza yote, tangu degedege hadi mapato mengineyo. Nililia. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, akaniletea chai, nikanywa. Kisha akasema:

"Nimekusikia, Mwalimu. Lakini ulinichapa mchana."

Sikuelewa. Nikamwambia nimekuja kumwomba msamaha, tena kwa ajili ya Mungu. Akaitazama bahasha pale mezani asiiguse. Akaniuliza fedha ya mikorosho sita kwa miaka thelathini nimeipigia hesabu na nani. Halafu akasema mama yake alifariki mwaka 1996, na wote waliomzika walijua kwamba anazikwa mama wa mwizi. Hakupandisha sauti. Alinisindikiza mpaka barabarani kwa tochi.

Nitasema kweli: nilirudi nimekasirika. Nilijiambia yule ni mtu mwenye moyo mgumu. Nilikuwa nimejidhalilisha, mzee mzima, na yeye hakunipa hata neno moja la kunipumzisha. Usiku ule nilimsomea Mathayo 18 moyoni mwangu. Nilimfanyia zile hesabu zangu za talanta. Nilimwona yeye ndiye mtumwa mbaya, ameshika koo langu kwa dinari mia, hali yeye naye ni mwenye dhambi mbele za Mungu kama watu wote.

Ilinichukua karibu mwaka mzima kuuona upumbavu wa jambo hilo. Aliyenisaidia ni jirani yangu, Mwislamu, mzee kuliko mimi, ambaye nilimsimulia bila kutaja kijiji wala jina. Yeye alinijibu kwa elimu ya kwao. Akasema neno toba maana yake ni kurudi, na kwamba dhambi kati ya mja na Mola wake ina mlango wake, lakini dhambi inayohusu haki ya mja mwenzako haifutiki mpaka haki ile imrudie mwenyewe. Ukichukua mbuzi, rudisha mbuzi. Ukichukua jina la mtu, rudisha jina. "Wewe," akaniuliza, "umerudisha nini?"

Nikaingia ndani nikaisoma ile mifano tena, na safari hii kwa aibu. Niliona mambo ambayo kwa miaka mingi nilikuwa nimeyaruka.

Katika mfano wa watumwa wawili, yule wa dinari mia hakumsomea mwenzake habari za huruma ya mfalme. Huenda alizijua, maana nyumba ilikuwa moja. Alianguka chini akaomba avumiliwe, akaahidi kulipa. Neno la kumkemea mkali lilitoka kwa mfalme. Mfano wenyewe Bwana aliutoa kumjibu Petro, aliyeuliza amsamehe ndugu yake mara ngapi, yaani swali liliulizwa na mtu anayejiona amekosewa, na mwenye kulijibu hakuwa yule aliyemkosea Petro. Maneno yale yale yakitoka kinywani mwa mdaiwa yanakuwa kitu kingine kabisa. Mimi nilikwenda kwa yule fundi nikidhani ninaomba, kumbe nilikuwa ninadai. Nilimdai usingizi wangu. Nilitaka anilipe palepale, kabla chai haijapoa.

Tena ipo habari ya mwana mpotevu. Wahubiri wetu, na mimi mmoja wao, humkimbilia baba yule mwenye kukimbia, na kweli ni habari tamu. Lakini kijana kabla ya kukumbatiwa alitembea. Alirudi kwa miguu yake, kupita mbele ya watu waliomwona akiondoka na mali, amevaa yale matambara, na nadhani alipita mchana maana baba alimwona angali mbali. Hakutuma salamu kwa msafiri. Wala hakuja kuomba kurudishiwa nafasi ya mwana. Ombi alilolitunga kabla ya kuondoka ni la kuwa kibarua. Wapo wanaosema toba yake haikuwa safi kwa sababu ilianzia kwenye njaa. Hilo silioni kuwa baya. Yangu ilianzia kwenye hofu ya kufa, na sidhani kama toba nyingi zina mwanzo wa heshima kuliko huo.

Kisha kuna yule kaka mkubwa, ambaye sisi walimu humfanya kuwa mfano wa wivu na kumaliza haraka. Mfikirie kidogo. Baba alikwisha kugawa mali kati yao wawili. Mdogo alimaliza fungu lake. Kilichobaki katika boma lile ni cha nani? Yule ndama aliyechinjwa, kwa haki, alitoka katika fungu la kaka. Na hakuna aliyepelekwa shambani kumwambia. Alisikia ngoma akiwa njiani, akauliza mtumishi. Msamaha wa watu wawili uligharimiwa na mtu wa tatu asiyeulizwa. Baba hakumkemea, alitoka nje akamsihi, na Luka hatuambii kama aliingia. Nilipofika hapo nikamkumbuka yule mama mjane. Mimi na mwanawe tungeweza kukumbatiana jioni ile na kunywa chai yetu, na yeye angebaki kaburini na jina alilozikwa nalo.

Na Zakayo, ambaye si mfano bali ni mtu, alisimama mbele ya watu akataja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliowadhulumu kuwarudishia mara nne. Mara nne! Mimi nilikuwa nimeweka katika bahasha kiasi nilichoona kinanifaa.

Nilirudi kijijini mwaka 2015, mwezi Juni. Nilimwendea kwanza mwenyekiti wa kijiji, nikaomba nafasi katika mkutano. Alidhani nataka kuzungumzia ujenzi wa darasa. Siku ya mkutano nilisimama saa nne asubuhi, chini ya mwembe mkubwa, watu wengi pale wakiwa ni wanafunzi wangu wa zamani wenye wajukuu. Nikasema: mwaka 1983 fedha za shule hazikuibwa na mtu; nilizisahau mimi ndani ya rejesta; nilizikuta Machi 1984 nikanyamaza; niliyemchapa hakuwa mwizi, na mama yake alilipa deni lisilokuwapo. Maneno yalikuwa machache kuliko nilivyoogopa. Palikuwa kimya, kisha bibi mmoja akaguna, akasema kwa sauti, "Na wewe ndiye uliyekuwa ukitufundisha." Hakuna aliyenipa pole, na sikustahili. Yule fundi alikuwa amekaa nyuma. Hakusema kitu.

Habari ya mikorosho ilichukua zaidi ya mwaka. Aliyeishika rehani alikwisha kufariki, na warithi wake walikuwa wamegawana. Miwili ilikuwa imekatwa, mmoja umekauka. Wazee walikaa wakapiga hesabu, mimi sikuruhusiwa kuipinga, na nilipoambiwa kiasi niliuza bati nilizokuwa nimenunua kwa ajili ya nyumba ya mwanangu. Hapo ndipo watoto wangu walipofahamu, na wao pia walikasirika, kwa haki. Walikuwa wanalipia jambo wasiloulizwa. Hata toba ina mtu wa tatu.

Nilikumbuka haya yote tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika Songea. Jambo hili linatugusa sisi wa kusini. Vita vya Maji Maji vilifika hata hapa Masasi mwaka 1905, na kituo cha misheni kikaharibiwa. Mwaka uliofuata Wajerumani walimnyonga Nduna Songea Mbano na makumi ya wenzake, wakachoma mazao, na njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi. Wanahistoria wengine wanakadiria waliokufa katika vita vile kufikia 300,000. Miaka 117 baada ya kunyongwa kwao, mkuu wa nchi iliyowanyonga alisimama mahali palepale, mbele ya wajukuu na vitukuu, akasema anaona aibu na akaomba msamaha. Jirani yangu mmoja alisema maneno hayafufui mtu. Kweli hayafufui. Lakini angeweza kuyasema Berlin, au yakaandikwa katika barua, na hapana shaka safari ingekuwa fupi. Alikwenda Songea. Hata hivyo familia ya Nduna Songea ilikuwa na swali lake, kwa maana inaaminika kichwa cha mzee wao kilichukuliwa kikapelekwa Ujerumani, nao wanataka kumzika mtu kamili. Rais yule aliahidi kusaidia kukitafuta, ila hakuweza kuahidi kwamba kitapatikana. Wako waliosema basi familia zile zingesamehe tu yakaisha. Mimi nilipoyasikia nilikumbuka lile swali kuhusu mikorosho sita.

Nisimsahau na upande wa wanaosamehe bila kungoja kitu, maana wapo, na si wachache. Mwaka 1882 Wangoni, walioitwa Magwangwara wakati ule, walikivamia kituo cha Masasi ambacho Askofu Steere alikianzisha mwaka 1876 pamoja na watu waliotolewa utumwani. Watu waliuawa, wengine walichukuliwa mateka. Leo Myao akikutana na Mngoni msibani wanatupiana matusi ya utani, wanadaiana sanda, wanabeba jeneza pamoja. Hakuna kikao kilichoandikwa ambacho babu zao walisameheana. Walizoeana kwenye makaburi. Utani huu nimeufikiri sana, na nimeona kwamba haukufuta kumbukumbu hata kidogo, maana tusi la mtani ndilo linaloihifadhi: kila msiba mmoja humkumbusha mwenzake kwamba babu yako alimkimbiza babu yangu, na wakacheka. Lakini wanasema wote wawili, mbele ya watu, na kinachosemwa ni kweli. Nani angeweza kumtania mtu kwa jambo ambalo mwenzake analificha?

Mtu mmoja aliyesikia habari zangu aliniuliza kama yule fundi hatimaye alinisamehe. Jibu langu ni kwamba hajawahi kulitamka neno hilo, na mimi sijamwuliza tena tangu ile jioni ya kwanza. Mwaka 2019 ukuta wa jiko langu ulipopasuka nilimwita yeye, kwa sababu ni fundi mzuri. Alikuja, akafanya kazi siku tatu, akala chakula chetu, akanitajia bei kamili kama anavyomtajia mtu yeyote, nami nikalipa bila kuomba punguzo. Mjukuu wake mmoja sasa anasoma sekondari hapa Masasi na mara nyingine hupita kuniamkia. Msimu uliopita aliteremka mwenyewe na basi la asubuhi, akaniletea korosho za kubangua, nusu debe. Nilimwuliza zimetoka shamba gani. Akasema ni za ile mitatu iliyobaki ya mama, ambayo mwaka huu aliipulizia salfa mapema kwa hiyo imezaa vizuri. Tukazungumza kidogo juu ya ubwiriunga na bei za mnadani, kisha akaaga kwa sababu basi la mwisho la kupanda Newala lilikuwa karibu kuondoka.